Mkalimani wa Mzee Kiti

Silvère alisomea uhandisi wa maji katika nchi moja ya mbali yenye baridi, enzi ambazo nchi hiyo ilikuwa ikiwapa vijana wa Afrika nafasi za masomo. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu wapo watu kule ambao wanaweza kuumia. Alitokea Buyenzi, Bujumbura, walikokimbilia wazazi wake kutoka Rwanda, akaenda kule akiwa kijana, akaijua lugha ya watu wale hadi akawa anaota kwa lugha hiyo. Huko huko akaoa. Familia zilizokuwa ukimbizini ziliporudi Rwanda, mkewe Irena alifuatana naye Kigali. Akafundisha piano, akajifunza Kiswahili cha mumewe, na mtaani kwao Kagarama hakuna aliyemwita Irena. Alikuwa Mama Achille, kwa jina la mtoto wao wa pekee, ambaye sasa anaishi Kanada.

Mwezi wa pili wa mwaka mmoja Irena alikwenda kwao kumuuguza mama yake. Alisema atarudi baada ya Pasaka. Silvère alikuwa ameshastaafu, akabaki na nyumba. Aligundua kwamba hajui kupika wali wa mtu mmoja. Mchana alikuwa anaketi barazani na redio ikiwa wazi ili asikie tu sauti ya mtu.

Alasiri moja mgeni alibisha hodi getini. Alikuwa ofisa wa upelelezi aitwaye Bayingana, mtu aliyekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe unaijua lugha ya watu fulani."

Alimweleza. Kulikuwa na mzungu hospitalini, mfugaji nyuki wa Ndera, pembezoni mwa Kigali. Pasipoti yake ilisema anaitwa Keith, ingawa majirani zake, ambao ulimi wao haukuliweza jina hilo, walimwita Mzee Kiti, na watoto walikuwa wakicheka kila wakilitaja. Siku zote alizungumza Kiingereza. Sasa homa imempotezea Kiingereza chote, na anazungumza lugha ambayo hakuna daktari anayeielewa. Ubalozi wa nchi yenye lugha hiyo ulikuwa umeulizwa. Ulijibu kwamba haumjui.

"Ni kazi ya saa moja tu," Bayingana akasema.

Silvère alivaa koti lake la kanisani, wakaenda.

Mgonjwa alilazwa chumba cha peke yake. Nywele zake zilikuwa zikibaki kwenye mto, na midomo ilikuwa imechanika. Daktari Kayitesi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alisema viungo vya ndani vinazimika kimoja baada ya kingine na damu yake imepelekwa nje kupimwa. Silvère alisogeza kiti, akamsalimu kwa lugha yake.

Keith aligeuza kichwa. "Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa. Kagarama."

"Unazungumza kama watu wa mji wetu mkuu."

"Nilisoma kule. Mke wangu ni wa kule."

Keith alifumba macho. "Endelea kusema," akamwambia. "Sema chochote."

Silvère hakuwa amejiandaa. Akamsimulia duka la mkate lililokuwa karibu na bweni lao, mwanamke wa duka ambaye kila asubuhi alimuuliza kama Afrika kuna theluji, na jinsi mto wa mji ule ulivyokuwa ukitoa mlio barafu ilipoanza kupasuka. Alizungumza mpaka mgonjwa akalala. Saa moja ya Bayingana ilikuwa imepita zamani.

Kesho yake Keith aliamka na akili timamu, na alitaka kusema. Miaka mingi alikuwa jasusi wa nchi yake. Baadaye alitoroka, akatoa ushahidi mbele ya mahakama ya nchi nyingine dhidi ya wakubwa wake, akapewa jina jipya na pasipoti mpya. Alichagua Ndera kwa kuwa hakuna mtu ambaye angemtafuta kwenye mizinga ya nyuki. Lakini wiki iliyopita walikuja vijana wawili, wastaarabu, mmoja wao akijitambulisha kuwa mtu wa ubalozi. Walimwambia mambo ya zamani yamesamehewa. Walimletea chupa ya uyoga wa siki, ule ambao kwao kila nyumba huutengeneza kabla ya baridi kuingia.

"Ukaula?" Silvère akauliza.

"Nilijua," Keith akasema. "Usiwaambie kwamba sikujua. Mtu wa kazi yangu hali chakula cha mgeni. Lakini yule kijana alikuwa na lafudhi ya mkoa wetu. Alisema neno moja ambalo mama yangu alikuwa akilitumia, na watu wa mji mkuu hawalijui. Nikamtazama, nikauchukua uma." Alipumua kidogo. "Ulikuwa mtamu. Ulikuwa wenyewe hasa."

Silvère aliwatafsiria Bayingana na daktari maneno yale.

Bayingana alimtoa nje kwenye korido. "Mzee, hayo tunayahitaji rasmi. Atasema, utatafsiri, utaweka saini yako. Sitaki kukudanganya. Jambo hili likienda kwa wakubwa, na litakwenda, jina lako litaonekana. Naweza kuomba mkalimani kutoka nje, lakini daktari hadhani kama mgonjwa atamngoja."

"Mke wangu yuko kule."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia."

Silvère alimpigia Irena. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, na tena. Alikumbuka kwamba siku ile mama yake Irena alikuwa na miadi ya hospitali, na kule mgonjwa na msindikizaji huacha simu mlangoni. Alisimama dirishani akiwaangalia watu wakipita chini na thermos za uji na mashuka, kila mmoja akimpelekea mtu wake. Ndani, Keith alikuwa akiita kwa lugha ambayo katika jengo zima ni yeye peke yake aliyeielewa.

Akarudi ndani. Akatafsiri, akaweka saini.

Keith alifariki siku ya tatu, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Silvère. Saa za mwisho hakumtambua tena. Alimwita kwa jina la kaka yake, na Silvère aliitika. Walimzika makaburi ya Rusororo. Walikuwapo Bayingana, majirani wachache wa Ndera, na mwanamke mmoja aliyekuwa akimnunulia asali. Padri alisali kwa Kinyarwanda. Kisha Silvère alisema Baba Yetu kwa lugha ya marehemu, akakwama mahali pawili, kwa sababu sala hiyo alizoea kuisikia ikisemwa na Irena.

Majibu ya damu yaliporudi yakionyesha sumu, mambo yalikwenda haraka. Balozi wa nchi ile aliitwa wizarani. Maofisa wake watano walipewa siku chache wawe wameondoka. Nchi ile ikakanusha, ikasema mtu yule alikufa kwa malaria, kisha ikawafukuza maofisa wa Rwanda idadi ile ile. Viza zikasimamishwa. Wanafunzi wa Rwanda waliokuwa wakisoma kule wakaambiwa warudi kwao muhula ukiwa katikati. Na televisheni ya kule ikaonyesha picha ya Silvère, ya ujana wake, kutoka kwenye kumbukumbu za chuo, ikimwita mkalimani wa uongo.

Irena alikuwa na tiketi ya wiki iliyofuata Pasaka. Uwanja wa ndege walichukua pasipoti yake wakamwambia ni kwa uchunguzi. Alipiga simu jioni ile akitumia Kiswahili, kama walivyokuwa wakifanya waliposhuku kwamba kuna anayesikiliza, ingawa sasa halikuwa jambo la kushuku tena.

"Ni wewe kweli, Papa Achille? Yule mtu wa picha?"

"Ni mimi. Nilikupigia, sikukupata."

"Ungenipata ningekukataza," Irena akasema. "Ningelia na kukukataza. Nawe ungerudi chumbani kwake hivyo hivyo."

"Labda."

"Si labda. Nakujua."

Kagarama nako kulibadilika. Jirani yake Kubwimana, ambaye walikuwa wakikaa benchi moja kanisani, alikuwa na binti kule, Aurore, aliyebakiza mwaka mmoja awe daktari. Aurore alirudi na sanduku moja. Tangu siku hiyo Kubwimana alihamia benchi la mbele. Siku moja Silvère alimsubiri nje baada ya misa.

"Kubwimana, nisamehe kuhusu mtoto."

"Hukufanya kosa," Kubwimana akajibu bila kumtazama. "Najua hukufanya. Lakini nikikuona namuona binti yangu amekaa sebuleni hana la kufanya. Nipe muda."

Silvère akampa muda. Alikuwa nao mwingi. Achille alimpigia kutoka Kanada akiwa na hasira, akamuuliza kwa nini hakumfikiria mama. Silvère alisema alimfikiria. Mwana hakuamini, wakaagana vibaya, na mwezi mzima simu ile haikuita.

Mvua za vuli zilipokuwa zikimalizika, mama yake Irena alifariki. Baada ya mazishi watu wawili walimfuata Irena nyumbani na karatasi iliyochapwa tayari. Asome mbele ya kamera kwamba mumewe alilipwa na kwamba alibadilisha maneno ya mgonjwa. Akishasoma, atapewa pasipoti yake siku hiyo hiyo.

Alimpigia Silvère Jumapili alasiri.

"Soma," Silvère akasema. "Soma upesi urudi. Mimi ni mzee, wakiniita mwongo sitapungukiwa kitu. Nitakungoja uwanja wa ndege."

"Nataka kujua jambo moja kwanza. Ulitafsiri sawasawa?"

"Neno kwa neno."

"Niambie alichosema. Kwa lugha yetu, kama alivyokisema."

Silvère aliacha Kiswahili, akamwambia yote, habari za vijana wawili, za chupa, za neno la mama yake Keith, na kwamba Keith alijua na bado akauchukua uma. Alipofika hapo alisikia Irena akivuta pumzi. Irena alikuwa ameishi Kigali zaidi ya miaka ishirini na tano, na hakuwahi kulalamika kwamba amekumbuka chakula cha kwao.

"Lilikuwa neno gani?" akauliza.

Silvère akalitaja, kama Keith alivyomtajia.

"Hilo ni la mkoa wa kaskazini," Irena akasema polepole. "Bibi yangu pia alilitumia." Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Siwezi kusoma ile karatasi, Papa Achille."

"Nakuomba."

"Usiniombe. Nikisema wewe ulibadilisha, basi mtu yule hakusema kitu. Atakuwa amekufa bila kusema na mtu hata mmoja. Mimi siwezi kurudi kwako kwa njia hiyo, tukakaa mezani."

Silvère alijaribu tena kumshawishi. Alimwambia juu ya nyumba, juu ya umri wao, juu ya piano ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Irena alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hapana. Ilikuwa ile hapana ya utulivu aliyowaambia wazazi wake zamani walipomkataza kuolewa na Mwafrika.

Irena bado yuko kule. Bayingana hupita Kagarama mara moja moja kusema kwamba wizara haijaisahau kesi hiyo, hunywa chai, huondoka. Kubwimana amerudi kwenye benchi lao, ingawa maongezi yao ni mafupi. Aurore amepata nafasi chuoni Butare na anasoma upya mwaka aliokwisha kuusoma. Na kila Jumapili alasiri Irena hupiga simu, humuuliza Silvère amekula nini. Silvère humjibu kweli: maharage ya jana, au viazi, au kwamba leo hakupika kwa sababu hakusikia njaa.

"Kapike sasa," Irena humwambia. "Mimi nipo. Sikati simu."

Silvère huiweka simu karibu na jiko, akaanza kumenya kitunguu.