Geti Tatu, Sawa

Saa nne asubuhi kibanda cha geti tatu kilikuwa kimeshachemka. AC ilikufa tangu Juni. Kiprono alijifunga kitambaa chenye maji shingoni, akakificha chini ya kola ya yunifomu. Magari ya wapangaji wa mtaa wa Al Thumama, mbali na Kenya, yanafika, anabonyeza, kizuizi kinapanda, kinashuka.

Mzee Mmarekani wa nyumba namba kumi na mbili alisimama akitafuta kadi yake. Ndani ya gari, redioni, mwanamke alikuwa anaimba. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, ni sauti peke yake, kavu kama ya mtu anayesoma barua. Lakini kila mwisho wa mstari ilikatika, ikaruka juu kama imekanyaga mwiba.

Kiprono akasahau kubonyeza.

"Ni nani huyo, sir?"

"Bibi mmoja wa milimani kwetu. Alifundishwa na mama yake jikoni. Waimbaji wa siku hizi wanaiga hapo mwishoni, lakini hawampati."

Gari la nyuma likapiga honi. Kizuizi kikapanda.

Ajabu ni kwamba Kiprono aliijua ile sauti. Babu yake, Kugo, alikuwa anaikata hivyo hivyo akikamua ng'ombe kule Bomet. Sasa Kugo aliitoa wapi? Kwenye santuri za zamani? Au milima ndiyo inafundisha watu? Akajaribu. Ya kwanza ikatoka kama jogoo mgonjwa. Akabana kidevu, akaegemea ukuta, akajaribu tena na tena. Ya tano ikakatika safi kabisa. Akacheka peke yake.

Halafu akaona taa nyekundu kiunoni. Alikuwa ameegemea kitufe cha redio ya kazi. Mageti yote yamesikia.

Alipokiachia tu, Zainabu wa geti mbili akaingia. "Kaka, umeumwa na nge? Jamani, rudia ile ya mwisho!"

Kisha sauti ya supavaiza, Douglas. "Kiprono. Ofisini. Sasa hivi."

Ofisini kulikuwa na baridi mpaka vidole vikamwuma. Barua ya onyo ilikuwa tayari mezani. Ya kwanza alipewa kwa kukaa kivulini. Ya pili, kwa kuulizia AC mara mbili kwa wiki. Hii ya tatu ni tiketi ya kurudi Kenya mkataba ukiisha.

"Mkubwa, si ni bahati mbaya? Niliegemea tu."

"Andika sababu hapo. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilitaka kujua inatokea wapi."

"Nini?"

"Sauti."

Douglas akamsogezea kalamu. "Wewe andika kelele."

Kiprono akaandika: kuimba. Akatia sahihi, akarudi juani. Mkataba unaisha Oktoba, hauongezwi.

Saa sita Douglas aliita mageti redioni, kama kila saa.

"Geti moja?"

"Geti moja, sawa," alijibu Onyango, na ile "wa" ikakatika, ikaruka juu.



"Geti mbili?"

"Geti mbili, sawa!" Zainabu alipiga vibaya zaidi, jogoo mgonjwa kabisa.

Kibandani jasho lilikuwa linadondoka kwenye kitabu cha magari.

"Geti tatu," Douglas alisema taratibu.

Kiprono akabana kidevu. Safari hii kitufe cha redio alikibonyeza mwenyewe.