Kazi Alizowahi Kufanya Nyevu

Mwaka wa 1961 jirani yangu Nyevu, mjane, aliambiwa na shemeji yake Gona kwamba mwezi ukiisha hajapata kazi, atarudishwa kijijini Kaloleni. Nyevu hakutaka kuondoka Changamwe. Hospitali moja ilikuwa inatafuta mwanamke wa kusaidia wodini, basi tukaipeleka fomu ya maombi kwa Elkana, mwalimu wetu wa darasa la jioni, atusaidie kuijaza.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Elkana akafika katikati, akasimamisha kalamu.

"Hapa pana neno *work*. Wanauliza kazi ulizowahi kufanya."

"Andika hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mwalimu nawe! Nimeajiriwa na nani mimi? Na jembe?"

Wenzetu wakacheka. Elkana hakucheka.

"Mama mkwe wako alilala kitandani miaka mingapi?"

"Sita. Lakini ile si kazi. Yule alikuwa mama yetu."

"Nani alimwogesha? Nani alimgeuza?"

"Mimi."

"Alipata vidonda vya mgongo?"

"Hata kimoja."

Elkana akasema Waingereza hulitumia neno lile kwa kazi ya mshahara na hulitumia pia kwa kazi ya jasho tu, na fomu haikusema wanataka ipi. Akaandika mpaka akavuka mstari.

Jumatatu nilimsindikiza Nyevu hospitalini. Karani, kijana mwenye tai, aliisoma fomu akaguna.

"Umemuuguza mama mkwe? Hata mke wangu ana mama mkwe, bibi. Nimwajiri na yeye?"

Nyevu akanyoosha mkono arudishiwe karatasi yake. Sista mkuu alikuwa anapita, akasimama.

"Miaka sita bila kidonda? Ulifanyaje?"

Nyevu alianza kueleza kwa mikono hewani. Mwisho akasema, "Nipe mtu nikuonyeshe."

Hapakuwa na mtu mwingine. Sista akamwambia karani alale kwenye benchi.

"Mimi, Sista?"

"Wewe."

Nyevu alimvua viatu, akavipanga pamoja. Akapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, akamgeuza taratibu, benchi lisilie. Akavua kanga yake ya mabegani, akaikunja, akaiweka kati ya magoti ya kijana yasisuguane. Kisha, kwa mazoea tu, akamuuliza, "Hapo pakoje, mwanangu? Hapaumi?"

Karani alikuwa ameelekea ukutani.

"Hapaumi, mama."

Sista akaitia fomu sahihi pale pale. "Kesho saa moja asubuhi."

Nyevu akanishika mkono, akanibana hata vidole vikaniuma. Karani alivaa viatu bila kututazama. Nilidhani amekasirika. Lakini alitoka na sisi mpaka nyuma ya jengo, juani, akamwonyesha Nyevu mlango wanaoingilia wafanyakazi, na kumwambia kwamba kitasa chake ni kigumu, ausukume kwa bega.