Jibini la Rangel

Hebu niambie, mtu akikuuliza kwa nini unapita mlango wa duka la karibu na kwenda kununua mkate mbali, unamjibu la kweli, au unatafuta la kumridhisha ili aondoke zake?

Mimi nilitafuta la kumridhisha. Nilisema jibini la Rangel siku hizi lina chumvi mno.

Mjini kwetu Lipovets maduka ya vyakula ni matatu, na katika yote nimenunua, kwa hiyo nasema ninachokijua. La Rangel liko chini ya jengo letu, chini kabisa ya dirisha la jikoni kwangu. Unashuka ngazi thelathini na nane, umefika. La pili linaitwa Zora, liko ng'ambo ya daraja, la mama mmoja anaitwa Stanka. Mkate wa Stanka ni wa moto Jumatano na Ijumaa, siwezi kumnyima sifa hiyo, lakini jibini hulipima pamoja na maji yake ya chumvi, na ukimkazia macho anatazama dari. Lile la tatu ni kubwa, liko barabara kuu karibu na kituo cha mafuta. Kuku wake ni wa bei nafuu, taa ni nyingi kama harusini, na nyanya zote zina ukubwa mmoja na hazina harufu. Jibini limefungwa kwenye plastiki, na lazima uvae miwani usome kama limetoka kwa ng'ombe au kwenye mawese.

Rangel yeye alikuwa na pipa. Jibini la kondoo, kutoka zizi lilelile alikokuwa akinunua baba yake. Alikuwa akiinua kipande kwa uma mrefu, anakishikilia juu ya pipa mpaka maji yote yachuruzike, ndipo anakiweka kwenye mizani. Foleni inafika mlangoni, yeye bado kashika uma. Siku moja nilimwambia, "Rangel, mwanangu, watu wanangoja." Akanijibu, "Waache wangoje, mama. Mimi nauza jibini. Maji wakachote mtoni, ya bure."

Mbele ya duka aliweka meza mbili za plastiki, na kwenye meza iliyo karibu na mlango mume wangu Tsvetko alikunywa kahawa kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, tangu siku aliyostaafu reli. Sukari vijiko viwili, kofia gotini, mgongo ukutani. Nilikuwa nikifungua dirisha la jikoni namsikia akibishana na Rangel habari za mvua. Mmoja akisema itanyesha, mwingine lazima aseme haitanyesha, hata kama tayari inanyesha.

Tsvetko alifariki Februari. Tulibandika karatasi zake za tanzia kama inavyobandikwa kwa kila mtu: jina, miaka, picha, na maneno mawili matatu chini. Mlangoni mwa jengo, kwenye nguzo ya kituo cha basi, na kwenye kioo cha mlango wa Rangel. Ya siku ya arobaini tukabandika tena. Ya nusu mwaka, Agosti, nilikwenda mwenyewe mpaka kwa mchapaji, nikachagua picha nyingine, ile aliyovaa kofia, nikaibandika kwa mkono wangu kwenye kioo cha Rangel, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Nilisema, mwenye kiti akae karibu na kiti chake.

Siku ya nne nilishuka kununua mtindi. Karatasi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na bango kubwa la bia na soseji za kuchoma, ukinunua hiki unapata kile, na kijana kwenye picha anacheka meno yote nje. Pembeni kulibaki kipande cha utepe wangu wa gundi, kimekunjamana.

Niliingia. Rangel alikuwa anafungua katoni za biskuti. Akasema, "Karibu mama, joto leo, eh?" Nikangoja. Nilishika mtindi mkononi nikangoja aseme neno. Akaendelea na biskuti zake, akaongeza kwamba mvua haipo mpaka Septemba. Nikaurudisha mtindi kwenye friji, nikatoka, sikuaga.

Tangu siku ile nilikuwa nangoja. Nataka ujue hivyo mapema, usije ukadhani nilikuwa nimeacha kumfikiria. Kila nilipopita na mfuko wangu mtupu kuelekea darajani nilitembea polepole mbele ya mlango wake, ili apate muda wa kutoka na kusema kitu. Alikuwa akinipungia mkono. Baadaye akaacha hata kupunga.

Jirani yangu Rusalina, wa ghorofa ya tatu, ndiye aliyeuliza. Rusalina huyu ni mtu wa vipeperushi vya bei. Alhamisi maduka yakitoa bei mpya, yeye huvitandaza mezani kama ramani za vita, anazungushia duara kwa kalamu nyekundu.

"Shoga," akasema, "naona siku hizi mnavuka daraja wewe na kikohozi chako. Rangel kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi una bwana huko Zora."

"Toka hapa! Nina miaka sabini na sita."

"Ndiyo umri wenyewe, mizigo anabeba yeye. Haya sema, kuna nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba nimenuna kwa sababu ya karatasi? Angesema karatasi zinaliwa na mvua kila siku, mbona hukununia mvua. Na kweli hakuna sheria inayosema karatasi ya marehemu ikae siku ngapi. Basi nikasema, "Jibini lake. Siku hizi lina chumvi mno, na lina harufu."

"Aaa!" akasema Rusalina, na nikaona macho yake yanang'aa. "Na mimi nilihisi! Nikadhani ni ulimi wangu."

Hakuwa amehisi kitu. Lakini mimi ni mke wa Tsvetko, na Tsvetko alikuwa mteja wa kwanza wa duka lile. Neno langu kuhusu jibini la Rangel lilikuwa kama neno la daktari. Wiki ile ngazi nzima ilijua. Ghorofa ya pili wakasema watoto wao waliumwa tumbo. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne akasema yeye alilishuku pipa lile tangu zamani. Rusalina akaandaa msafara, kila Ijumaa wanawake watano na mifuko yao yenye magurudumu, tunakwenda kwa miguu mpaka lile kubwa la barabara kuu.

"Kilomita mbili kumfuata kuku," nikamwambia, "utadhani tunakwenda kumwona mgonjwa."

"Kimya, tembea. Kuku huyu ameshuka asilimia thelathini."

"Na magoti yangu yameshuka asilimia ngapi?"

Walicheka, na mimi nikacheka. Lakini ukifika kule ndani hakuna anayekuita jina. Unasukuma toroli, unatoka. Msichana wa kaunta hukuuliza kama una kadi ya punguzo, na ukisema huna anakutazama kwa huruma. Nilinunua jibini la plastiki, nikala peke yangu mezani, likawa kama sabuni. Nikarudi Zora, nikalipia maji ya Stanka. Nililinganisha, nikalinganisha. Rusalina alikuwa ananiuliza, "Haya, sasa tuseme, lipi bora?" Nami najibu leo hili, kesho lile, na jibu nalijua, liko chini ya dirisha langu.

Oktoba Rangel aliingiza meza moja ndani. Novemba akaingiza ya pili. Desemba akaanza kufunga saa sita mchana. Nilikuwa naona yote kutoka dirishani nikimenya viazi. Nilijiambia ni baridi. Kila mtu huingiza meza wakati wa baridi.

Ikafika Februari, kumbukumbu ya mwaka wa Tsvetko. Mwaka haufanyiki bila ngano ya kuchemsha, ipondewe njugu za jozi na biskuti, inyunyiziwe sukari ya unga, igawiwe makaburini na majirani kwenye vikombe vidogo. Nikaenda lile kubwa. Nilimuuliza kijana wa rafu, akaniletea ngano ya kifungua kinywa, ya kumwagia maziwa, ina picha ya dubu. Nikaenda Zora. Stanka anayo, nikaimwaga mezani nyumbani, nikachambua: mawe, makapi, mbegu nyeusi nyeusi. Nilichambua mpaka macho yakauma, na haikufika nusu. Ngano safi, iliyopepetwa, ya kuchemshia wafu, mji mzima unajua iko wapi.

Ijumaa asubuhi nilishuka ngazi thelathini na nane.

Duka lilikuwa baridi, taa moja tu inawaka. Rangel alikuwa amevaa koti, anasoma gazeti kaunta. Mahali pa pipa palikuwa na friji ndogo, na ndani yake jibini la plastiki, lilelile la barabara kuu.

"Kumbe njia unaikumbuka," akasema. Hakusimama.

"Nataka ngano. Kilo moja na nusu."

Akasimama, akachukua gunia dogo, akaanza kupima. Mkono wake ni uleule, unapima polepole. "Ya nani?"

"Ya Tsvetko. Kesho ni mwaka."

"Mwaka tayari?" Akaongeza kiganja kimoja juu ya kipimo. "Siku zinakimbia."

Nikaweka pesa kaunta. Hakuzichukua. Alifunga mfuko, akaufungua, akaufunga tena.

"Mama Dobrina, nikuulize jambo moja, na usinionee haya. Jibini langu. Lilikuwa pipa gani?"

"Pipa gani vipi?"

"Lile lenye chumvi. Lile lililonuka. Maana mimi nilionja, mke wangu akaonja, hatukuona kitu. Nikasema mama Dobrina hawezi kusema uongo, yule ndiye anayelijua jibini langu kuliko mimi. Nikamrudishia mtu wa zizi mapipa mawili. Nilimwita mwizi, mbele ya wanawe. Alimuuzia baba yangu miaka thelathini, na mimi nikamwita mwizi. Ameuza kondoo wake, umesikia? Kaenda kwa binti yake Uhispania. Sasa nauza hii takataka," akapiga friji kwa kiganja. "Mwezi ujao nafunga kabisa. Lakini nataka kujua tu. Lilikuwa la Agosti au la Julai?"

Ningeweza kusema la Agosti. Neno lilikuwa tayari ulimini. Angetikisa kichwa, angesema nilijua, na kila mmoja angerudi alikotoka. Mkononi nilikuwa na karatasi mpya ya Tsvetko, ya kutimiza mwaka, imekunjwa mara mbili, na niliona jasho langu limeanza kuilowesha.

"Jibini lako halikuwa na kitu," nikasema.

"Haliku... nini?"

"Lilikuwa jibini zuri. Lilikuwa zuri kuliko yote. Niliwadanganya."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha ya mbali. Akaketi. "Kwa nini? Mimi nimekufanyia nini, mama?"

"Uliitoa karatasi yake mlangoni. Ya nusu mwaka. Ukaweka bango la bia."

"Karatasi gani?"

Hapo ndipo niliposikia maumivu hasa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila jibu. Kwamba ataomba msamaha, kwamba atabisha, kwamba atasema mvua iliiharibu. Jibu hilo sikuwa nalo kwenye hesabu.

"Ya Tsvetko," nikasema. "Amevaa kofia."

Akafikiri. Niliona anafikiri kweli, hakuigiza. "Mtu wa bia huja na mabango yake mwenyewe. Huwa namwambia weka popote. Mimi... mama, haki ya Mungu sikuona. Kuna karatasi ngapi kwenye ule mlango? Kila wiki kuna mtu. Sikuona." Kisha uso ukamgeuka, akapiga gazeti kaunta. "Na wewe kwa hilo ukanifungia duka? Ungesema! Ulikuwa unapita hapa kila siku na mfuko wako, unatembea kama konokono, ungeingia ukasema, Rangel, mpumbavu wewe, irudishe karatasi ya mume wangu! Ningeirudisha dakika ileile! Ungepoteza nini?"

"Nisingepoteza kitu."

"Sasa?"

"Sikutaka kukuambia."

"Ulitaka nini basi? Miezi sita, mama! Ulitaka nini?"

Nje alipita mtu, akachungulia kwenye kioo, akaendelea. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili, na sauti yangu ilipotoka haikuwa kubwa.

"Nilitaka uone wewe mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alikaa pale mlangoni ukibishana naye. Nilitaka ufungue duka asubuhi moja, utazame pale, useme, Tsvetko yuko wapi? Basi. Nilitaka mtu mwingine, siyo mimi peke yangu, aone kwamba hayupo."