Barua za Hiari

"Mwanangu hakariri," Mwalimu Restituta alisema kwa mara ya tatu. "Na hiyo karatasi yako siweki sahihi."

"Yangu?" Mwalimu mkuu, Oswald, aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha. "Hii umeitunga wewe, Mama Wema. Mpaka nukta zake. Mimi nimejaza jina la mtoto tu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. *Mimi mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu, kwa hiari yangu na bila kushawishiwa na mtu yeyote, naomba mwanangu akariri darasa la tatu.* Aliiandika mwaka juzi, tena kwa fahari kidogo. Stashahada ya ualimu ilikuwa imemfundisha kuandika barua isiyo na pa kushikwa.

Chanzo chake kilikuwa bendera. Katika kata yao, shule iliyoburuta mkia kwenye upimaji wa darasa la nne ilikabidhiwa bendera nyeusi mbele ya kikao cha wadau wa elimu, na mwalimu mkuu aliibeba mwenyewe kwa miguu hadi shuleni. Oswald aliwahi kuibeba. Wauza nyanya walisimama kumtazama, na watoto wa shule jirani wakamsindikiza kwa makofi. Tangu siku hiyo alipata dawa: kabla ya usajili, wale wasiojua kusoma wanarudishwa darasa la tatu kwa ombi la wazazi wao. Asiyesajiliwa hapimwi, na asiyepimwa hashushi wastani. Miaka miwili mfululizo shule ilishika nafasi ya pili.

Ila Oswald alikuwa mtu wa Rombo, hajui Kiha, lugha ya wazazi wengi pale, hata cha kuombea maji. Aliyekijua ni Restituta, mwalimu wa taaluma, mzaliwa wa Mwandiga. Kwa hiyo ndiye aliyetumwa kwa wazazi, barua kwenye bahasha na kidau cha wino kwenye mkoba.

Mwaka jana alimkuta Marcelina, mama yake Winfrida, kule Kibirizi, ameinama akigeuza dagaa juani.

"Mwakeye, mwalimu," Marcelina alimwamkia, akanyoosha mgongo. "Kuna ubaya?"

"Hakuna. Nataka dole lako hapa. Ni ya kumsaidia Winfrida asome taratibu."

Marcelina alifuta magamba kwenye kanga, akabonyeza wino, akabonyeza karatasi. Hakuuliza la pili. Mwalimu ni mtoto wa nyumbani, anasema lugha ya nyumbani, atamletea ubaya gani? Akamfungia na dagaa wa kwenda nao. Winfrida alirudishwa kukaa na watoto aliowazidi kichwa kizima, wakamwita shangazi. Kufikia Pasaka hakuonekana tena darasani. Sasa anageuza dagaa pamoja na mama yake.

Mwaka huu barua zilikuwa nane. Saba zilishapigwa dole na zilikuwa kwenye faili lililokuwa mezani. Ya nane ilikuwa ya Wema.

"Mwanao kapata kumi na moja kwa hamsini kwenye hesabu," Oswald alisema. "Kusoma ndiyo usiseme. Anafuata mstari kwa kidole kama anatafuta chawa."

"Aliugua degedege akiwa na miaka mitano. Unajua."

"Najua. Na wale saba waliugua nini? Uliwauliza?"

Restituta alilitazama lile faili.

"Mkuki kwa nguruwe, mwalimu," Oswald aliongeza taratibu.

"Ukimrudisha Wema hatasimama tena. Mimi ni mama yake, namjua. Ataona hata mimi nimemkatia tamaa."

"Mama yake Winfrida naye alikuwa anamjua mwanawe."

Nje kengele ya chakula cha mchana ililia, na watoto wakakimbilia uji. Oswald alitazama saa ya ukutani. Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi siku hiyohiyo. Akavuta kiti karibu na kushusha sauti, na sauti yake ikawa ya mtu mwema.

"Sikiliza. Mimi si mnyama, nawe ni mwenzetu. Wema abaki, tumsajili. Lakini nafasi yake lazima izibwe, wastani usishuke. Anayemfuata kutoka chini ni Eliakimu, mtoto wa Bonaventura. Mama yake anauza mawese soko la Mwanga, unamfahamu. Panda bajaji sasa hivi, kabla ya saa nane umerudi na dole lake. Yamekwisha, na hakuna atakayejua."

Mambo ya kutisha hayaji yakinguruma. Restituta alijikuta anapiga hesabu. Kwenda robo saa, kurudi robo saa. Mama Eliakimu hasomi, na akikutwa na wateja atabonyeza upesi ili arudi kwenye madumu yake. Aombewe sababu gani? Macho, labda. Mtoto hauoni ubao vizuri. Sentensi ilikuwa imeshakamilika kichwani kwa Kiha safi, na mkono ulikuwa umeshashika mkoba, alipojiona.

Aliuachia. Akavuta kishikwambi cha shule, akakiwasha, akaingia kwenye ukurasa wa usajili.

"Ndiyo, anza na Wema," Oswald alisema, akaegemea kiti. "Nitamwita dereva wa bajaji."

Restituta aliingiza jina la Wema. Kisha akafungua faili, akatoa barua ya kwanza, akasoma jina, akaliandika. Akatoa ya pili.

Mkono wa Oswald wenye simu ulibaki hewani. "Unafanya nini?"

"Nasajili."

"Hao wana barua. Wazazi wao wameomba."

"Hawakuomba. Niliwaombea mimi."

"Restituta." Hakuwahi kumwita jina tupu. "Ukiwatia wote nane, tunarudi mkiani. Mimi sitaibeba tena ile bendera. Nitakuandikia uhamisho uende mwambao wa kusini, shule ya kufikiwa kwa boti, na huko Wema wako ataugua tena degedege na zahanati hakuna."

Vidole vya Restituta vilisimama. Hilo aliliogopa, naye alijua Oswald analiweza. Akaandika jina la tano.

"Andika," alisema. "Ukikwama maneno uniite. Barua za hiari nazijua."

"Na huyo wa Marcelina? Utamsajili darasa gani?"

Winfrida. Msichana wa miaka kumi na miwili, mwaka mzima hajashika kalamu, jina lake halimo kwenye orodha yoyote iliyokuwa pale mezani. Restituta aliandika jina la sita, la saba, na la nane. Akayakagua yote kwa zamu, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa chuoni, huku Oswald amesimama nyuma yake akihema.

"Bado unaweza kuwafuta wengine ukamwacha Wema peke yake," Oswald alisema. Safari hii alikuwa anaomba.

Restituta alibonyeza *Wasilisha*, akakishika kishikwambi kwa mikono miwili mpaka kikajibu kwamba orodha imepokelewa.