Makazi ya Viumbe ya Mzee Kochi

Habari za bustani niulizeni mimi, ambaye kitu pekee kilichowahi kunichipukia ni kitunguu nilichokisahau kabatini. Lakini hata mimi nilimzidi Mzee Kochi.

Jina hilo alilipata baada ya kustaafu, alipozama kwenye kochi lake mpaka likashika umbo la makalio yake. Mkewe alipokwenda kumhudumia binti yao aliyejifungua, aligeuka mlangoni akasema: "Nikirudi nikaukuta ua huu kichaka, hilo kochi analichukua shemeji yako."

Mzee aliapa. Akatoa jembe, akapanga mabuti ya mpira kibarazani, kisha akaketi apumzike kwanza. Mvua ikanyesha. Magugu yakafika dirishani, naye bado anapumzika.

Mke alipopiga simu kwamba yuko njiani, redio ndiyo iliyomwokoa mzee. Mtaalamu fulani alikuwa akihimiza watu waache maua ya kigeni, wapande mimea ya asili, ndege na vipepeo wapate pa kuishi. Mzee akanyanyuka kochini mbio, akachana boksi, akaandika: MAKAZI YA VIUMBE. USIFYEKE.

Mkewe akatua mizigo, akasoma.

"Baba watoto, hiki nini?"

"Mimea ya asili, mama watoto. Nimepanda mmoja mmoja."

"Hata hizi mbigili?"

"Hizo ndizo ngumu kuzipata."

Jirani yao, fundi cherehani, akachungulia ukutani. "Shemeji, mumeo mtaalamu! Vipepeo wamejaa mpaka kwangu."

Na kweli walikuwepo, wa njano na weupe, wanarukaruka. Mama wa watu akalainika. Mzee angenyamaza hapo, kochi lingebaki lake. Lakini sifa zilishamnogea.

"Kila alfajiri, mke wangu, navaa mabuti yale naingia kazini. Hata leo."

"Masikini, mume wangu! Ngoja niyaoshe."

"Ah, yaache tu, yana tope..."

Mke alishatia mkono kwenye buti la kulia, akautoa upesi. Ndani, juu ya kitanda cha nyasi, ndege mdogo wa kahawia alikuwa ameatamia mayai, kamkodolea macho kama mwenye nyumba aliyeingiliwa bila hodi.

Mke akainuka polepole. "Na huyu je? Kila alfajiri mlikuwa mnavaa wote?"

Mzee akalichungulia buti.

"Huyo... huyo alikuwa ananipisha."