Mnunuzi wa Mwezi wa Nane

Dalali alikuwa amesema wazi: nyumba ya Mexicali, mji wa jangwani, haioneshwi mwezi wa nane, na kama hapana budi, mnunuzi aletwe asubuhi na mapema, jua likiwa bado halijachachamaa. Don Nabor alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, akakata simu. Kisha akawapigia wanunuzi mwenyewe na kuwaambia waje saa tisa alasiri.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu asiyetaka kuuza nyumba yake, na aliyekwisha kukubali kuiuza. Mwezi uliopita mke wake, Chayo, alianguka nje ya duka la mikate, akapelekwa hospitali na watu asiowajua. Daktari alisema moyo wake umechoshwa na joto, na kwamba asingependa kuona mama huyu akipitia kiangazi kingine hapa. Binti yao Ivonne, anayeishi Ensenada, pwani, ambako watu huvaa sweta jioni hata mwezi wa nane, alikwisha kuwatafutia nyumba ndogo mtaa wa pili kutoka kwake. Nabor alisema sawa. Alisema sawa mbele ya daktari, mbele ya binti yake na mbele ya Chayo. Lakini tangu siku hiyo kila mnunuzi aliyefika aliondoka na wasiwasi wake. Mmoja alihadithiwa habari za matetemeko ya ardhi mpaka akawa anaangalia taa zinazoning'inia. Mwingine alioneshwa bili ya umeme ya mwezi wa saba, akaomba maji ya kunywa.

Sasa walibaki hawa wa saa tisa tu, mume na mke. Mwenye nyumba ya Ensenada alikwisha kuchoka kungoja. Wiki hii isipopatikana pesa, angempa mtu mwingine. Nabor alilijua hilo vizuri. Alijiambia kwamba mwaka mmoja si kitu, kwamba mikate angeinunua yeye, na Chayo angekaa ndani mpaka joto lipite. Mtu akiwa na nia ya kujidanganya hakosi maneno.

Baada ya chakula cha mchana, Chayo alipoingia chumbani kujinyoosha, Nabor alizima kiyoyozi cha sebuleni. Cha chumbani hakukigusa, hakuwa mwendawazimu. Akatoka, akalihamishia gari lake chini ya mti, penye kivuli pekee cha mtaa mzima, ili wageni waegeshe juani. Kisha akakaa kwenye kiti chake akaanza kutoka jasho kwa furaha.

Wakafika. Mwanamume aliitwa Saúl, kijana mnene wa Xalapa, mji wa milimani unaonyeshewa na mvua mwaka mzima. Alikuwa amehamishiwa hapa kuwa msimamizi katika kiwanda cha televisheni. Alishika lango la chuma kwa kiganja kizima, kama afanyavyo mtu asiyelijua jua la huku, akaruka nyuma na kutaja jina la Mungu. Mkewe, Maricruz, mwembamba, mpole, alilisukuma kwa kiwiko akaingia.

"Karibuni, karibuni sana," alisema Nabor. "Poleni na jua. Leo ni afadhali."

"Afadhali?" Saúl aliuliza. Shati lake lilikuwa limeganda mgongoni.

"Nyuzi arobaini na nane tu. Juzi ndiyo kulikuwa na joto."

Akawazungusha sebuleni polepole, akieleza habari za kila dirisha. Saúl alijipepea kwa karatasi ya dalali. Nabor akawapeleka jikoni, na hapo akatoa karata yake kubwa.

"Naweni mikono, mpoe kidogo. Hilo bomba la buluu ndilo la baridi."

Saúl akalifungua, akaingiza mikono yote miwili, akaitoa kwa kelele. Maji yalikuwa yanafuka.

"Yanaunguza!"

"Ndiyo hayo ya baridi," alisema Nabor kwa upole.

Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri kuliko alivyotumaini. Angenyamaza hapo tu, angetikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu wa msibani, wageni wangeaga na nyumba ingebaki yake. Lakini Saúl hakuondoka kimya. Alijipangusa uso, akaegemea meza, akasema:

"Samahani, Don Nabor, nisamehe sana. Lakini nyie watu mnaishije huku? Huu si mji, hii ni adhabu. Bosi wangu ana neno lake. Anasema Mexicali ilitokea kwa bahati mbaya: watu walikuja kuchuma pamba, wakakosa nauli ya kurudi kwao."

Akacheka. Maricruz hakucheka.

Nabor alihisi damu ikimpanda kichwani. Yeye mwenyewe alilalamikia joto hili kila siku ya Mungu tangu apate akili. Alilitukana akiamka na akilala, na jirani zake wote walifanya hivyo hivyo, kwa raha kabisa. Lakini hao walikuwa watu wa hapa. Huyu ana wiki tatu tu hapa.

"Nauli?" alisema. "Baba yangu alikuja kuchuma pamba. Nauli ya kurudi alikuwa nayo, kijana. Alikuwa nayo mfukoni, akainunulia matofali. Shika huo ukuta. Ushike!"

Saúl akaushika.

"Una joto?"

"Hapana," Saúl alikiri.

"Upana wake ni mkono mzima, kuanzia kiwikoni. Aliujenga mwenyewe kwa matofali ya udongo na majani, na upande wa jua linakotua hakuweka hata dirisha moja. Mtu aliyekosa nauli hajengi hivyo. Na hayo maji! Nani mwenye akili anafungua bomba la buluu mwezi wa nane? Mabomba yako chini ya ardhi inayochemka. Njoo hapa, mama. Fungua jekundu."

Maricruz akafungua lile jekundu kwa hofu. Maji yakatoka mazuri, ya ubaridi kama ya mtungini. Akaweka vifundo vya mikono chini yake, akafumba macho.

"Tangi la kupashia maji liko ndani, kivulini," alisema Nabor. "Ikifika mwezi wa tano tunalizima, maji yanalala humo yanapoa. Mwezi wa kumi na moja tunaliwasha tena, mambo yanarudi yalivyokuwa. Mtoto wa miaka mitatu wa mtaa huu anajua."

Hakuweza kujizuia tena. Alirudi sebuleni kwa hatua kubwa, akawasha kiyoyozi bila kuwatazama usoni, na huku upepo ukianza kuvuma akaendelea kusema. Ndiyo, usukani utakuunguza, utaendesha gari ukiwa umevaa zile glavu za kutolea sufuria kwenye oveni, na hakuna atakayekucheka kwa sababu naye amevaa. Ndiyo, bili ya umeme inatia kichaa. Ndiyo, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Mbwa hatoki nje mchana, na mtu mwenye akili hatoki pia. Harusi, mazishi, mpira, vyote vinangoja jua lizame. Lakini umeme ukikatika, je? Kule kwenu umeme ukikatika mnafanya nini?

"Tunawasha mshumaa," alisema Saúl.

"Sisi tunatoka nje, mtaa mzima. Mwenye barafu analeta barafu, mwenye bia analeta bia kabla haijapata moto. Wazee wanawekwa ndani ya magari yenye kiyoyozi, na petroli wanachangia watu wote. Huyo jirani wa hapa kushoto, hatujasemezana tangu alipokata mti wangu. Umeme ulipokatika mwaka jana ni yeye aliyemkalisha mke wangu kwenye gari lake mpaka ukarudi. Kesho yake tukaendelea kutosemezana!"

Maricruz alicheka. Nabor akamgeukia, maana alikwisha kuona kwamba mwenye masikio humo ndani ni yeye.

"Na siku moja ya mwezi wa kumi unaamka, mama, unasikia baridi kidogo miguuni. Hapo ndipo mji wote unafungua madirisha. Unatoa meza nje, unachoma nyama, unakaa na watu mpaka basi, na unakaa hivyo mpaka mwezi wa nne. Huko kwingine watu wanajificha na mvua, sisi tuko uani. Miezi mitano tunalipa, miezi saba tunakula. Mimi sijaona biashara nzuri kuliko hiyo, na nimeuza matairi maisha yangu yote."

"Na ukungu?" aliuliza Maricruz. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Ukungu gani?"

"Ule wa ukutani. Ule mweusi. Unaota wapi zaidi?"

Nabor alimtazama bila kuelewa. Ikabidi mwanamke amweleze: kwamba kwao viatu huota ukungu kabatini, shuka hazikauki, na kifua chake hakijawahi kumpa amani tangu utotoni. Dawa yake ya kuvuta huwa haimtoki mkononi. Akafungua mkoba, akamwonesha kichupa chake.

"Tangu tufike sijaigusa," alisema. "Joto linanitesa, sikatai. Lakini nahema." Akamgeukia mumewe. "Tunaichukua."

"Maricruz, hebu kwanza tukazungumze."

"Tuzungumze nini? Wewe utashinda kiwandani kwenye baridi. Atakayeshinda hapa ni mimi."

Hapo ndipo Nabor alipotambua alichokifanya. Alikuwa amewaita hawa watu waungue, na sasa ameiuza nyumba ya baba yake kwa domo lake mwenyewe, na bei hawajaipunguza hata peso moja.

"Endelea, mzee," ilisema sauti nyuma yake. "Mbona hujawaambia habari za matetemeko?"

Chayo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, na kwa jinsi alivyoegemea ilionekana yuko hapo muda mrefu. Hakuwa amekasirika. Hilo lilimuumiza Nabor zaidi, maana alifahamu kwamba mkewe alijua tangu mwanzo, habari za bili, za taa, za kila mnunuzi, na alikuwa amemwachia tu, akingoja aone mumewe atamfikisha wapi.

"Matetemeko?" Saúl aliuliza, na uso wake ukachangamka.

Wote watatu wakamtazama Nabor. Neno moja lingetosha. Alikuwa na hadithi ya tetemeko kubwa, na aliijua kuisimulia. Ilikwisha kufukuza watu wenye mioyo mikubwa kuliko Saúl. Alitazama ukuta wa baba yake. Akamtazama Chayo, gauni lake jepesi, mkono wake ulioshika mwimo wa mlango.

"Yapo," alisema. "Vyombo vinagongana, unatoka nje, unawasalimia jirani, unarudi ndani. Nyumba hii imetikiswa kabla wewe hujazaliwa. Haina ufa."

Saúl akashusha pumzi. Mkewe akamshika mkono, na ikawa imekwisha.

Walipokuwa wakiagana barazani, Maricruz akauliza lile ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Kama mnapapenda hivi, mbona mnaondoka? Mnaenda wapi?"

"Ensenada."

"Kuna nini huko?"

Nabor alijiuliza: Ensenada kuna nini? Kuna ukungu wa baharini unaokaa mpaka adhuhuri. Kuna suruali zinazoning'inia kambani siku mbili, na mtaa mzima wa watu asiowajua, na bia ambayo huna hata kiu nayo. Angeweza kuorodhesha ubaya wa Ensenada mpaka jua lizame.

"Kule Chayo analala," alisema.

Akakohoa.

"Hapa anasinzia kidogo, halafu anakaa kitandani akihema mpaka kunakucha. Anadhani nimelala. Pasaka tulikuwa kwa binti yetu, akalala usiku kucha mdomo wazi, mpaka nikaogopa, nikaweka mkono nione kama anapumua. Alikuwa amelala tu. Kuna hilo."

Wageni wakaondoka na gari lao lililochemka. Nabor akabaki amesimama barazani, hataki kugeuka, maana macho yalikuwa yamemlowa na alijua nani yuko nyuma yake.

"Na wewe," alisema Chayo, "utafanya nini kule?"

"Nitalalamika. Hiyo baridi yao nitaitukana asubuhi, mchana na jioni. Utachoka kunisikia, bibie."

"Sichoki," alisema Chayo, akaja akasimama karibu naye. "Nitakuwepo nikusikie."