Mzee Makokha Amekwenda Kitale

Mbegu za viazi zilikuwa zimechipua kupita kiasi. Machipukizi yake, meupe na marefu, yalipenya kwenye nafasi za kreti yakaelekea dirishani kutafuta mwanga. Nje, mvua ilikuwa imeshika Dundori, na mashamba ya majirani yalikwisha kupigwa matuta. Shamba la kikundi cha akina mama waliomwalika Truphosa lilikuwa bado limejaa magugu.

"Mbona hamjapanda?" aliuliza.

Wachuka, mwenyekiti wao, alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mzaha. "Si tunangoja mzee wako, Mama Makokha. Alisema jembe likae chini mpaka atuambie. Sasa ameenda Kitale akakawia huko, na sisi tufanye nini?"

Mzee Makokha hakuwa Kitale. Alikuwa mkulima wa redioni, katika mchezo uliorushwa kila Jumamosi kutoka Nakuru ili wakulima wajifunze mambo ya mbegu na udongo huku wakicheka. Mwenye sauti ile alikuwa Sitati, mume wa Truphosa ndani ya mchezo na nje yake, na Sitati alizikwa kwao Webuye mwezi wa Januari. Moyo ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Wasikilizaji hawakupata habari, maana hawakuwahi kulijua jina lake.

Vipindi alivyokwisha kurekodi viliendelea kurushwa baada ya mazishi. Truphosa aliketi jikoni na redio, akamsikia akikohoa, akitania watu, akiitisha chai. Vilipomalizika, mtayarishaji wao, Kipkorir, alitaka mzee afe katika mchezo pia. Truphosa alimsihi.

"Mpeleke safari. Mpeleke Kitale kwa dada yake. Aliye safarini bado ana kurudi."

Kipkorir alimhurumia, akakubali. Wote wawili wakasahau agizo ambalo mzee alikuwa ameliacha nyuma.

"Pandeni leo," Truphosa aliwaambia sasa. "Mimi ndiye ninawaambia."

"Wewe ni mama wa boma, tunakuheshimu," Wachuka alijibu kwa upole. "Lakini ile mwaka ingine tulikimbilia mvua ya kwanza, jua likarudi, mbegu yote ikaharibika. Ni mzee tu alikuwa ametuonya. Wacha tungoje neno lake."

Truphosa alishika chipukizi moja, likakatika mkononi. Aliona haya. Alikuwa amemwongezea mumewe uhai kidogo, na wanaoulipia ni hawa, kwa msimu wao mzima.

Garini, wakiteremka kurudi mjini, Kipkorir, aliyekuwa amemleta, alisema bila kumtazama, "Mama, lazima afe."

"Akifa watakaa matanga. Utamshikisha nani jembe na maiti haijazikwa? Watangoja tena."

"Sasa tutafanyaje?"

Truphosa aligeukia dirisha. "Afe na azikwe kipindi hicho hicho."

Studioni, kaburi lilikuwa karai la udongo na sanduku la mbao. Truphosa aliomba kuutupa udongo mwenyewe. Kule Webuye walimpa ukufi wake wa udongo kama wengine, akaufumbata, akakataa kuutupa. Wifi yake ndiye aliyemfumbua vidole baadaye, nyumbani. Watu walisema mke wa Sitati ana moyo mgumu.

Taa nyekundu iliwaka. Maneno aliyoandikiwa yalikuwa mafupi: Kwaheri, mzee. Truphosa aliyaruka.

"Mvua imeshika, baba," alisema karibu na kipaza sauti. "Umewangojesha watu, nami ndiye niliyekuzuia. Lala sasa. Sisi tunapanda."

Akafungua mkono. Udongo ulianguka juu ya mbao, na punje za mwisho zikafuata polepole. Kipkorir hakukata kurekodi mpaka Truphosa alipoacha kulia.

Siku chache baada ya kipindi kurushwa, Wachuka alipiga simu.

"Pole sana, mama. Tulisikia tukalia. Lakini vile ulisema amezikwa, asubuhi tukaingia shamba. Mbegu zingine zimeharibika, zingine tumezitia."

"Asanteni."

"Na wewe? Nani anakaa na wewe hapo nyumbani?"

Truphosa alizungusha macho jikoni: kikombe kimoja, redio iliyozimwa. Waombolezaji walikuwa wamesharudi makwao tangu Februari. Alijua jibu la mchezo. Mama Makokha alikuwa na wajukuu tele.

"Hakuna," alisema.

"Basi tunakuja. Hatuwezi kukuacha peke yako na matanga. Boma yenu iko wapi? Redio haijawahi kutuambia."

Upande wa pili walisikika wanawake wengine wakinong'ona, na mlio wa majembe yakigongwa kutoa udongo.

"Shukeni Kaptembwo, kwenye kisima cha kanisa," Truphosa alisema. "Lakini mkiulizia Makokha, hamtaelekezwa. Ulizeni kwa Sitati."